Neno la Kutafutia

Jumatatu sokoni Kongowea huwa hapapitiki. Malori ya viazi na kabichi kutoka bara yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, hamali wa mikokoteni wakipigiana mluzi na kutukanana, na maembe yaliyoiva kupita kiasi yakinuka mpaka juu ghorofani, kwenye saiba ya Bi Salha, duka lake la intaneti.

Mashine zote zilikuwa na watu. Ya pembeni kabisa alikuwa ameikalia Winfred Masha mwenyewe, aliyeajiriwa pale kuwahudumia wateja, mkono shavuni, amevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa kiunoni kwa namna iliyokwisha kumfanya zaidi ya mteja mmoja kukosea nywila yake.

Kijana mmoja akapanda ngazi mbio. Shati la samawati limelowa mgongoni, koti la bandarini lenye mistari ya kung'aa liko begani, kwapani ana faili.

"Mashine, dada! Mashine haraka, nakufa!"

"Watu huamkuana kwanza, ndipo wakafa," Winfred akamjibu bila kugeuka.

Saiba nzima ikaangua kicheko. Kijana akafuta uso kwa kiganja, akacheka naye.

"Haya, pole. Hujambo?"

"Sijambo. Zimejaa, ngoja."

"Na hiyo yako?"

"Hii naitumia."

Akainama kuchungulia. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa maktaba ya chuo kimoja ng'ambo, mahali mtu anapoweza kutafuta hati za kale zilizohifadhiwa ghalani mwao, zikiwa zimepangwa kwa makabila, si kwa majina ya watu. Winfred alikuwa ameandika *Giriama* kwenye kisanduku cha kutafutia. Chini yake palisema hakuna kilichopatikana.

"Sasa ona," kijana akasema. "Mimi niko na kontena bandarini Kipevu, mtandao wa ofisi umekatika, mwenye mzigo ananipigia simu hata kupumua siwezi. Wewe unatafuta kitu hakipo. Si uniachie?"

"Ati hakipo! Wajuaje wewe?"

"Si kimesema chenyewe?"

Winfred alitaka kumkaripia akajikuta anacheka. Akaondoka kitini. Kijana akakaa, akafanya kazi yake kwa vidole vya haraka, akamaliza, na badala ya kukimbia tena akabaki pale akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Naitwa Clifford Kioko. Ni nini hicho unatafuta?"

"Wimbo."

"Wimbo si uko kwa simu?"

"Huu haumo."

Akamweleza. Baba yake, mzee Masha, alikuwa amelala nyumbani Kiembeni, upande mmoja wa mwili umekufa kwa kiharusi. Mzee alilelewa na nyanya yake, Mbodze, na huyo Mbodze alikuwa na wimbo wake wa kilio, alioutunga mwenyewe alipozika watoto wake wakati wa njaa. Mzee aliukumbuka mwanzo tu. Ulikuwa ukimsumbua kitandani usiku na mchana, na alilolitaka duniani lilikuwa hilo moja: ausikie wote kabla hajafa, na siku ya kuzikwa aimbiwe. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa kwamba kasisi mmoja wa misheni, kule Kaloleni, aliketi na nyanya uani akauandika kwa kalamu ya risasi, kisha akarudi kwao na madaftari yake.

"Yamo mahali," mzee alikuwa akisema. "Mzungu hatupi karatasi."

Clifford akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Winfred hakulitarajia.

"Mimi kazi yangu ni kutafuta vitu vilivyopotelea kwenye mtandao," akasema. "Kontena likiandikwa herufi moja vibaya, linakaa pale bandarini mpaka linashika kutu, na wala halijapotea. Lina jina lingine tu. Wimbo wenu pengine nao ni hivyo."

Maneno hayo yakamwingia Winfred. Na ikiwa tunasema kweli, yule kijana pia alikuwa amekwisha kumwingia.

Basi Clifford akawa mtu wa Kongowea kila Jumamosi, ingawa chumba chake kilikuwa Magongo, ng'ambo ya pili kabisa ya mji. Wakakaa bega kwa bega kwenye mashine ya pembeni wakijaribu kila namna ambayo sikio la mzungu lingeweza kulisikia jina la Wagiriama. Giryama. Kiriama. Keriama. Bi Salha akipita nyuma yao na kikombe chake cha kahawa husema, "Wallahi nyinyi wawili hamtafuti wimbo." Siku za kazi mazungumzo yalikuwa ni ya simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi niko juu ya kontena, nakula jua."

"Shuka uje nikupikie, babaa. Mbaazi na mahamri."

"Usinitese, Winnie. Huku kuna mtu amenisimamia."

"Mwambie mke wako amekuita."

"Nani?"

"Hukusikia? Basi, imenipita."

Winfred akampeleka Kiembeni. Clifford akapiga pasi shati jeupe, akamshika mzee mkono ule ulio mzima, akasema shikamoo kwa sauti iliyotosha, akakaa chini kwenye jamvi asitake kiti. Mzee Masha akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Winfred kwa Kigiriama kwamba Mkamba wake ana adabu. Clifford alipoondoka, mzee akasema, "Walete wazee wake ningali nina macho." Katana, kaka yake Winfred, akapiga makofi. Winfred alikimbilia jikoni akalia kwa furaha, akasingizia vitunguu.

Ikabaki kungojea Disemba, wazee wa Clifford waje kuposa.

Siku jambo lilipoharibika ilikuwa Alhamisi mchana. Winfred alikuwa akimlisha baba yake uji, mkono mmoja umekishikilia kidevu, mwingine kijiko. Simu ikalia kwenye meza. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Clifford.

"Nifungulie, Katana," akasema. "Mikono yangu haina nafasi."

Katana akabonyeza. Sauti ya Clifford ikajaa chumbani, imejaa kicheko.

"Winnie! Mnyika wangu! Nimewapata wanyika wako, wamejaa huku, wanyika mpaka basi! Sasa sikiza—"

Uji ukamtoka mzee mdomoni.

"Zima," akasema. Katana akazima.

Yafaa ieleweke. Kwa mtoto wa Machakos kama Clifford, nyika ni nyika, uwanda wenye nyasi na twiga, neno la kwenye kitabu cha shule. Pwani neno hilo lina meno. Ndilo waliloitwa watu wa makaya yote, Wagiriama na jirani zao, na wale waliojiona waungwana, maana yake watu wa porini, wasio na dini wala nguo wala haya. Mzee Masha alibeba magunia bandarini ujana wake wote na nyapara hakumwita Masha hata mara moja. Alikuwa *mnyika, shika hapa. Mnyika, ondoka hapa*. Siku winchi ilipomkata kidole, nyapara aliandika kwamba mnyika mmoja ameumia. Kile kidole hakikurudi, na neno halikufutika.

"Nani huyo," mzee akauliza kwa mdomo wake uliopinda, "aniitaye mnyika nyumbani mwangu?"

Chozi likamteremka kwenye shavu lile lisilohisi kitu, na hakujua kwamba linateremka. Winfred ndiye aliyelifuta. Akahisi moyo wake unageuka kuwa jiwe, na hakuuzuia.

Clifford akapiga. Winfred akakata. Akapiga tena, akakata. Akamwandikia: *Usinipigie tena.* Kisha akamfungia simu asiweze kupiga wala kuandika. Na ule ujumbe wa sauti hakuusikiliza mpaka mwisho. Aliona hana haja ya kusikia tusi lililobaki.

Jumapili Clifford akaja mwenyewe Kiembeni. Winfred akamtokea langoni, leso kiunoni, hakumfungulia.

"Winnie, kuna nini? Siku tatu hizi nimekuwa mwendawazimu."

"Uliniitaje?"

"Lini?"

"Kwenye sauti yako. Uliniitaje, na ukawaitaje watu wangu?"

Clifford akawaza. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeona kosa dogo.

"Mnyika? Ah! Si ndivyo ilivyoandikwa kule! Nilikuwa nakutania, mpenzi. Ni neno zuri, nyika, kwetu—"

"Neno zuri!"

"Kwani lina nini? Nieleze basi. Kama nimekosea naomba radhi, hata kwa mzee nitapiga magoti. Lakini nisikilize kwanza, nimewaandikia wale watu wa maktaba wapige picha za—"

"Baba yangu amelia, Clifford! Mtu mzima, mgonjwa, amelia mbele yetu, na wewe waniambia ni neno zuri!" Sauti yake ikapanda, majirani wakaanza kutokeza. Na hapo ndipo kiburi kilipomponza. Alijua anachotaka kusema, alikiona kinavyokuja, akakisema. "Ndivyo mlivyo nyote watu wa bara. Mwaja hapa na mifuko ya nailoni, mwala kwetu, mwalala kwetu, mwatamani na mabinti zetu, halafu sisi ndio washenzi! Rudi kwenu. Rudi ulikotolewa na lori la viazi."

Mwanamke mmoja ng'ambo ya njia akacheka.

Clifford alikuwa amevaa lile shati jeupe, na kola ilikuwa imeanza kulowa.

"Bara ndiko nilikozaliwa," akasema. "Sijawahi kukataa. Watu huniambia hivyo Kipevu, kwa kinyozi, kwa mwenye nyumba. Kwako tu ndiko sikuwa nimelisikia."

"Umelisikia leo."

"Ndiyo. Nimelisikia."

Akageuka akaenda zake kuelekea stendi. Winfred akaingia ndani akamwambia baba yake kwamba amemfukuza, na mzee akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Hakuonekana kufurahi.

Miezi ikapita. Disemba ikaja bila wageni. Winfred alikuwa akienda kazini na kurudi, akiwapigia chapa watu vyeti vyao, na wakati mwingine, wateja wakipungua, akiifungua ile katalogi ya maktaba akiandika Giriama kwa tahajia nyingine. Hakuna kilichopatikana. Alikuwa na majivuno ya kutaka kuupata wimbo mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Mwezi wa pili mzee akaanza kukataa chakula. Asubuhi moja akamshika binti yake kwa mkono mzima.

"Ule wimbo?"

"Bado, baba. Naendelea kutafuta."

"Na yule Mkamba wako, hakusema chochote tena?"

"Hakusema."

"Nilidhani atarudi," mzee akasema. "Mtu akikosea kweli hurudi. Nilitaka nimuulize alilitoa wapi lile neno."

Winfred akamfunika shuka, akamwambia apumzike. Mzee Masha akafa Ijumaa ya wiki ile, mchana, feni ikizunguka.

Wakamzika Kaloleni. Kwaya ya kanisa iliimba ilivyoimba, kisha wanawake wazee wa ukoo wakasogea kaburini, wakiujua usia wake, wakauanza wimbo wa Mbodze. Wakaimba mwanzo. Wakaurudia mwanzo. Mmoja akajaribu kuendelea, akakosa, akavuma tu bila maneno, na wengine wakatazama chini. Mwisho mchungaji akakohoa, na mchanga ukaanza kutiwa. Winfred alisimama pale akiona aibu kuliko huzuni, na aibu hiyo ikamfuata mpaka mjini.

Siku aliporudi kazini Bi Salha alimpa kahawa, akakaa naye kwenye mashine ya pembeni.

"Mwanangu, bado watafuta?"

"Kuna faida gani sasa? Lakini mkono umezoea."

Bi Salha akaviona vile Giriama, Giryama, Kiriama vimejipanga chini ya kisanduku, vyote alivyowahi kuviandika. Akavutavuta ncha ya mtandio wake. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale, wa nyumba za zamani.

"Nitakwambia jambo, na uniwie radhi. Wazungu wa zama zile hawakuuliza watu majina yao. Walituuliza sisi. Na wazee wetu, Mungu awasamehe, walikuwa na neno moja la kuwaitia nyinyi nyote. Wallahi naona haya kulitamka mbele yako."

Winfred hakumwambia alitamke. Akaandika herufi moja moja: N, y, i, k, a.

Ukurasa ukajaa. Kamusi za Nyika, mahubiri ya Nyika, hadithi za Nyika, zikashuka na kushuka, ukoo wake wote na jirani zao umewekwa kabatini chini ya tusi. Na katikati: *Kilio cha Mbodze, mwanamke Mnyika, kama kilivyoimbwa naye uani kwake.* Pembeni palikuwa na kidokezo kwamba kurasa zimepigwa picha na kufunguliwa kwa wote, kwa ombi la msomaji. Palikuwa na tarehe. Ilikuwa ni wiki mbili baada ya ile Jumapili ya langoni.

Disemba yote kurasa zilikuwapo. Januari yote. Mzee yuko hai, masikio yake mazima.

"Ya Allah," Bi Salha akasema polepole.

Winfred akachukua simu, akarudi nyuma kwenye mazungumzo aliyoyafungia, akautafuta ule ujumbe. Akauweka sikioni.

"Winnie! Mnyika wangu! Nimewapata wanyika wako, wamejaa huku, wanyika mpaka basi! Sasa sikiza, ndilo neno lenyewe hilo, wazungu waliwaita hivyo, sijui kwa nini. Nyanya yenu yupo! Mbodze, jina kamili! Ni maelezo tu lakini nitaomba picha. Mwambie mzee nimempata nyanya yake. Mwambie sasa hivi, Winnie, usingoje jioni."

Akashuka ngazi bila kuaga, akapita katikati ya hamali na kabichi, akasimama nyuma ya ghala la vitunguu palipokuwa na kimya kidogo. Akapiga. Alihofia namba haitumiki tena. Ikaita.

"Hallo?"

"Ni mimi."

Akasikia lori likirudi nyuma upande wa pili.

"Winnie," Clifford akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Uko salama?"

"Uko wapi?"

"Naivasha, kwenye bandari kavu. Walikuwa wakitaka watu wa kuhamia huku, nikaomba. Mzee yuko aje?"

"Tumemzika."

"Pole. Pole sana, jamani. Aliusikia?"

"Hakuusikia."

"Nilidhani mmeuona," akasema. "Walipofungua zile picha nilishindwa kukutumia, umenifungia. Nikamtumia Katana."

"Hakuniambia."

"Alinijibu kwamba nisiwasumbue tena. Nikasema sawa, watu wana uchungu, watauona wenyewe, neno wanalo."

"Cliff, nimekosa. Nimekukosea wewe na nimemkosea baba. Nilikuwa na hasira, sikujua—"

"La, hapo ngoja." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye sikujua. Nilipofika Magongo siku ile nilimuuliza mama mwenye nyumba, akanieleza maana yake. Nililia, Winnie. Nilitaka nirudi usiku uleule nimpigie mzee magoti. Lakini nikakumbuka lako. Langu nililisema kwa kutojua. Lako ulilichagua."

Hakuna tusi ambalo lingemuuma kama hilo, kwa sababu lilikuwa kweli tupu.

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani."

"Basi rudi. Au nije mimi. Nitakuja hata kesho, mpenzi, nitaacha kazi."

"Kila siku ningekuwa nikilingoja lile neno," Clifford akasema. "Sufuria ikiungua, mtoto akianguka, ningekuwa nakuangalia mdomo. Siwezi kuishi hivyo. Usije, Winnie."

Winfred akaegemea ukuta wa mabati. Ulikuwa wa moto, akauacha umchome mgongoni.

"Unazo hizo kurasa hapo?" Clifford akauliza.

"Ninazo kwenye simu."

"Nisomee. Niliziangalia mara nyingi, sikuelewa hata neno moja. Nisomee kwa lugha yenu, kisha uniambie maana."

Akasoma. Mwandiko wa kasisi ulikuwa umelala, na tahajia zake za ajabu, lakini alipolitamka kila neno kwa sauti liligeuka Kigiriama mdomoni mwake. Mbodze alikuwa akiwaita watoto wake mmoja mmoja, akiwauliza ni nani aliyewapikia huko walikokwenda, maana yeye chungu chake ki tupu. Kisha akawaita majirani waje wamsaidie kulia kwa kuwa sauti yake peke yake haitoshi. Winfred alisoma mpaka mwisho, akalia, akafasiri akiwa analia, na mtu wa kwanza kuusikia wimbo ule wote tangu Mbodze mwenyewe alipoufunga mdomo akawa ni Clifford Kioko, kando ya lori, Naivasha.

"Asante," Clifford akasema. Sauti yake nayo ilikuwa imelowa. "Mzee alikuwa na haki ya kuutaka."

Winfred akangoja aseme jingine. Akasikia mtu akimwita kwa jina, akasikia mlango wa lori ukifungwa.

"Wananiita huku," akasema. "Ubaki salama, Winnie."

"Nawe pia," akajibu, na akaishikilia simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata.